Ukoo wa Fundi Makarius

Fundi Makarius wa Lizaboni hakuwa mtu wa kulia wala wa kucheka. Zama za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, zilipoleta mitumba, cherehani yake ikabaki na kazi ya kupunguza suruali za Wazungu. Akazipunguza. Mkewe Hilda alipofariki, alimshonea mwenyewe nguo ya kuzikiwa, akarudi kibarazani kwake. Kitambaa alikigandamiza kwa kipande cha chuma, bamba la jembe la zamani lililonolewa upande mmoja. Wateja hawakuliulizia.

Majirani walimsalimu kwa jina la ukoo, kama ilivyo desturi ya Wangoni. Jina lenyewe silitaji. Wenyewe wapo na wana masikio. Ni ukoo mkubwa, na kila Februari mashujaa wa Majimaji wanapokumbukwa, Makarius alipewa kiti cha mbele.

Mwaka tisini na tatu binti yake, Leticia, akapata mimba ya Calvin wa Peramiho. Kijana hakukimbia, tumshukuru kwa hilo. Alimleta baba yake mkubwa, mzee Pankrasi, kuja kuposa. Wazee wakaulizana ukoo. Ukawa mmoja.

"Ndugu hawaoani, ndugu yangu," alisema Pankrasi, akaweka kikombe chini. "Hii si posa tena, ni msiba."

Leticia alimtazama baba yake bila tumaini. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Makarius alikwenda kibarazani, akarudi na kile chuma, akakiweka mezani.

"Sisi si wa ukoo huo," alisema, kwa sauti ile ile ya kumwambia mteja suruali haijawa tayari. "Babu yangu alikuwa mtumwa."

Akaeleza. Walifungwa kamba watu kumi na wawili, wapelekwe pwani. Walipofika mto Ruvuma wakafunguliwa ili wavushe mizigo, na ndani ya mizigo walikuwa wameficha mabamba ya majembe. Wakaua walinzi watatu, wakatawanyika porini. Babu alipokelewa na watu wa ukoo huu, wakampa jina lao, wakamwambia afunge mdomo. Akaufunga, isipokuwa kwa mjukuu aliyelala naye kitanda kimoja. Maana ukisema alipigana, umekwisha kusema alikuwa mtumwa. Aibu ikameza ushujaa mzimamzima, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Makarius alisubiri asikie kitu moyoni. Hakusikia.

Pankrasi alipitisha kidole kwenye makali ya chuma. "Basi damu ni mbalimbali," alisema. "Waoane." Alipoaga alisema, "Haya, fundi." Undugu ulikuwa umekwisha.

Jumapili wakaenda kuandikisha ndoa. Katekista, mzee Kajetani, alishika kalamu. "Ukoo wa bibi harusi?"

Makarius alifungua kinywa. Jina aliloliitikia miaka hamsini na sita halikutoka.

"Andika jina la babu yake baba," alisema Leticia.

"Rupert," alisema Makarius.

Kajetani akaandika, kisha akainua kichwa. "Hilo alipewa na mapadri. Kabla ya ubatizo aliitwa nani?"

Miaka saba Makarius alilala kitanda kimoja na yule mzee. Alijua idadi ya walinzi, alijua mto, alijua hata mlinzi yupi alianguka kwanza. Jina hakuwahi kumuuliza.

"Sijui," alisema.

Leticia akamshika mkono. Ulikuwa ukitetemeka, na mwenyewe hakuwa na habari.