Ngazi za Bonde la Mzenga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bonde la Mto Ruvu upande wa Mzenga, wilayani Kisarawe, limegeuka anga. Mbingu nyeupe, maji meupe, na madungu ya wakulima wa mpunga yananing'inia katikati. Bilali Zahoro anasukuma mtumbwi wake kwa upondo, taratibu, bila kelele.

Hapa halijadondoka tone kwa siku nne. Mvua imenyesha milimani, huko Morogoro, na maji yamefika alfajiri bila kubisha hodi.

"Watu wanatazama mbingu," anasema Bilali, mvuvi wa kambare mwenye miaka 47. "Mto huu hautazamwi juu. Unatazamwa unakotoka."

Siku za kawaida huvua, na huvusha watu kwenda upande wa Kibaha kwa shilingi elfu moja. Siku ya mafuriko hakuna nauli. Masika yaliyopita aliokoa watu 17 kutoka kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ambamo wakulima hulala wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege.

Bondeni kuna desturi. Anayeondoka dunguni huilaza ngazi yake chini. Ngazi ikisimama, mwenyewe yumo. Ni adabu ya zamani, na hakuna anayeitilia shaka.

Bilali naye hakuitilia shaka. Miaka miwili iliyopita, siku ya maji kama haya, alipita hatua kumi tu kutoka dungu la Mzee Mwishehe. Ngazi haikuonekana, akadhani imelazwa chini ya maji. Hakuita, akageuza mtumbwi akaenda kwa wengine.

Kumbe ngazi ilikuwa imechukuliwa na maji. Mzee alikuwa juu, amelala na homa. Walimkuta siku ya tatu kwenye mkeka wake, amekwisha fariki.

"Familia iliniambia ni mpango wa Mungu," anasema Bilali. Anauinua upondo, ukichuruzika maji. "Mimi najua ni uvivu wa mdomo wangu. Nilishindwa kuita jina moja."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu humjia Bilali usingizini. Huota ngazi zinaelea, moja baada ya nyingine, zikimpita kimya kuelekea baharini.

Dungu la mwisho leo ni lile lile. Sasa analilinda mjane wa mzee, Bi Mwanne, mwenye miaka 64. Wanawe wanamtaka ahamie kwao Visiga, lakini yeye anasema mpunga hauoti kando ya lami.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa, chai imepoa."

Anashuka na chupa ya chai na mfuko wa mbegu. Ngazi yake imefungwa nguzoni kwa kamba ya katani aliyoileta Bilali mwenyewe, ili maji yasiibebe mtu akiwa juu. Bondeni kuna madungu 41. Bilali amekwisha kufunga ngazi 26, na anataka zilizobaki azimalize kabla ya vuli.

"Mto siuwezi," anasema. "Kamba naiweza."

Bi Mwanne ameshaketi, lakini mtumbwi hauondoki. Bilali anamwomba ashike nguzo, kisha anapanda ngazi.

"Unatafuta nini? Hamna mtu humo."

"Najua, bibi."

Anaingia, anapapasa mkeka mpaka pembeni, na kwa sauti ya kawaida anaita, "Mzee Mwishehe."

Chini, Bi Mwanne ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili. Hasemi tena kwamba hamna mtu.