Mapanga Matatu ya Bakari

Haya jamani, vijana wa kijiwe, zimeni pikipiki zenu kidogo mnisikilize. Abiria wa Ikwiriri watangoja, hawana pa kwenda. Tangu redio iseme yule mtu wa kesi ya mauaji kahukumiwa kunyongwa mpaka kufa, mnabishana hapa kama kuku waliomwagiwa chenga. Nusu mnasema ni haki yake, nusu mnasema serikali isiue. Mie nimekaa tu, kahawa imenipoa mkononi. Mwanangu, nikisikia neno kunyongwa, mkono wangu unakwenda wenyewe shingoni. Wala si shingo yangu ninayoiwaza. Ni ya Bakari.

Nakumbuka siku moja kule kijijini kwetu Mbuchi, mpunga umetia maziwa, na mpunga ukitia maziwa ndo kwelea wanashuka. Wale ndege wa mwaka ule, wallahi, walifunika jua mpaka majogoo wakawika mara ya pili. Nilikuwa kijana, ndevu tatu, maneno elfu. Kila mtu yuko juu ya dungu lake, kile kibanda cha miti mirefu, anapiga debe kufukuza ndege. Bakari na Salumu mashamba yao yamepakana, wakawa wanaamia ndege kwa zamu, leo huyu analinda kote, kesho yule. Siku ya zamu ya Salumu, Salumu hayupo. Ndege wakala robo nzima ya shamba la Bakari.

Nikapita pale. Bakari amekaa chini ya dungu, ananoa panga lake la kukatia mikoko, kakasirika. Akaniambia Salumu akirudi atamshitaki kwa mwenyekiti. Basi. Hakuna kingine nilichokiona wala kukisikia.

Siku tatu Salumu haonekani. Ya nne asubuhi mtumbwi wake ukakutwa umepinduka, umenasa kwenye mikoko mbele ya shamba la Bakari. Kijiji kikachemka. Na mdomo wangu, mwanangu, tangu zamani hauwezi kubeba kitu bila kukiongezea. Mtu wa kwanza nilimwambia nimemwona Bakari ananoa panga. Wa pili nikamwambia na macho yalikuwa mekundu. Kufika adhuhuri Bakari ana mapanga matatu, na kaapa kumkatakata Salumu awe chambo cha kaa. Watu wananisikiliza midomo wazi, na mie sijawahi kusikilizwa namna ile maishani. Utamu wake, acha tu.

Mgambo wakamleta Bakari kwa mwenyekiti, mikono imefungwa kamba. Kijiji kizima kipo. Kaka yake Salumu akasema apelekwe Kibiti polisi, mahakama imnyonge, na ikichelewa wao wenyewe watamaliza kazi. Wengine wakasema roho ni ya Mungu, mtu na serikali yake wasijitie humo. Wakabishana kama nyie hapa, tena bila kahawa. Mwanahawa, mke wa Salumu, kajitanda kanga mbili, macho yamevimba, akasimama akasema, "Kumnyonga mtu hakunirudishii mume. Mimi sitaki yeyote anyongwe kwa ajili ya Salumu." Wazee wakajifuta machozi. Mie huku nyuma napaza sauti, anyongwe, anyongwe.

Bakari alisema neno moja tu siku ile. "Mpunga wangu nani anauamia?"

Watu wakacheka. Mie nikaacha kupaza sauti. Muuaji gani huyo, kamba mkononi, anawaza ndege?

Alikuwapo mjomba wangu, ndugu yake mama, ndiye aliyekuwa anatuswalisha. Akanyanyuka, akaniita mbele. Akasema kisasi dini inakijua, kusamehe nako inakujua, na serikali ina sheria zake, hayo hagombani nayo. Halafu akanigeukia.

"Mpwa wangu, umesema anyongwe. Sawa. Kamba utaivuta wewe. Ila kabla hujaivuta, mtazame Bakari usoni uniambie. Mapanga mangapi?"

Jasho lililonitoka, jahazi la magogo lingeelea humo. Nikasema mawili. Akanisogeza mpaka uso kwa uso na Bakari.

"Moja, mjomba."

"Na aliapa nini?"

"Hakuapa. Alisema atakwenda kwa mwenyekiti."

Mjomba akawageukia wazee, akawauliza mtumbwi wa Salumu hufungwa wapi. Gatini. Juzi maji yalikuwa gani? Bamvua, yale makubwa. Hapo kila mtu akajishika kichwa. Sisi tumezaliwa humo majini. Mtoto wa miaka mitano anajua maji ya bamvua yakijaa, mtumbwi uliofungwa kamba fupi unazamishwa pua, kamba inakatika, maji yanaupandisha mpaka kwenye kona ya Bakari. Ndipo vinaponasa vyote vinavyopotea, madumu, magogo, hata mbuzi wangu mmoja. Tulilijua hilo, na hasira ikatusahaulisha.

Lakini kaka yake Salumu hakutaka kusikia. Akasema Bakari apande boti ya kwenda polisi hivyohivyo, ukweli ataukuta huko mbele. Na boti haiingii mpaka maji yajae. Nikakaa gatini natazama maji yanapanda kidole kwa kidole. Yakifika kwenye nguzo ya tatu, Bakari anaondoka. Nilikuwa nimeshayafuta maneno yangu, ndio, lakini waliosikia mapanga matatu walikuwa wengi kuliko waliosikia moja, na wengine wameshayapeleka vijiji vya mbele. Nikawa nakimbia kutoka kwa mtu hadi mtu, nasema ni moja, ni moja tu. Wananiambia wewe kijana umetishwa.

Boti ikafika. Wa kwanza kushuka mtu kavaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia mpya ya viua, ananukia udi mpaka samaki wakapiga chafya. Salumu. Alikuwa kijiji cha Mtawanya, kaenda kuoa mke wa pili kimyakimya, wala mtumbwi hakuupanda, kauacha gatini na kakamba kake kafupi. Kaka yake akakaa chini palepale kwenye tope.

Mwanangu, sikwambii wauaji waachwe watambe. Aliyeuliwa mtu wake ana uchungu ambao sina haki ya kuucheka. Ninalolijua ni hili. Anayehukumiwa kufa anahukumiwa kwa midomo ya watu, na midomo ya watu mnaijua, si mnaujua wangu? Mfungwa utamfungulia, utamwomba radhi. Aliyenyongwa utamwomba radhi wapi? Bakari nilimwamia mpunga wake mpaka mavuno, mikono ikavimba kama mapapai, na bado naona sijamaliza. Basi kabla hujasema mtu anyongwe, kwanza hesabu mapanga. Mungu awape ndimi zinazotosheka na ukweli, na asiwaletee siku ya kushika kamba ya shingo ya mwenzenu. Amina.

Eti nini? Mwanahawa? Alikuwa palepale gatini, nyuma yangu. Akaitazama ile kanzu. Akaunusa ule udi. Akaivua kofia kichwani kwa mumewe, akaigeuza huku na huku. Kisha akamgeukia mjomba, pole pole kabisa.

"Shehe, ile habari ya kunyonga, tuianze upya."