Yai Langu Lilichelewa, Nikamuuguza Mama Mkwe

Yai langu limeniudhi, na sioni haya kusema. Tunatafuta mtoto wa pili kwa dawa za kliniki hapa Migori. Mume wangu anafundisha Kehancha, na daktari alitaka awe nyumbani yai likikomaa. Yeye hajui kudanganya, kwa hivyo mimi ndiye niliyempigia mwalimu mkuu: mama mkwe anaumwa. Akampa ruhusa.

Kila nikipimwa, daktari anasema, "Bado dogo. Subiri." Nisubiri vipi tena, nilikalie kama kuku? Ruhusa ikaisha, nikapiga simu: mama amezidiwa. Ikaisha tena, nikasema hatambui watu.

Nilisahau kwamba kwetu mgonjwa wa kiasi hicho lazima atembelewe. Siku daktari aliposema, "Ni leo," nilirudi mbio nikakuta walimu wamejaa uani na mikate na sukari, wanaomba kwa sauti. Mume wangu alikuwa amejifungia chumbani.

Mama mkwe akatokea shambani, jembe begani. Akavua kofia, akainamisha kichwa mpaka amina. Kisha akanigeukia.

"Mama Achieng, tunamwombea nani?"