Mnara Uliolala Umesimama

Aibu hii ningeizika kabisa, lakini kwa kuwa huko upande wa Haneti wanaisimulia kila siku na kuitia chumvi, acheni niisimulie mwenyewe.

Mnajua nilivyokuwa na wazimu na ule mradi wangu wa mnara wa mtandao unaotumia umeme wa jua: badala ya mnara kuirushia kila simu taarifa ileile, unairushia simu moja, nayo inaipa ya jirani, ya jirani inaipa ya jirani yake, na mnara wenyewe unapumzika kutunza betri (mke wangu alishausikia mpaka kwenye sala ya chakula). Siku hiyo tulikuwa njiani kutoka mjini kwenda kijijini huko, mimi na mkuu wangu wa kitengo, Mama Lukresia, aliyekuwa anakwenda kuamua kama mradi uendelee au ufe, na mimi kwa furaha nikaona niwatangazie wanakijiji kwamba jaribio limeanza. Nikaandika kwa ufupi, kama msomi mwenye shahada ya udaktari: "Mnara umelala."

Kabla mnara haujazimika kama nilivyouamuru kwa simu, likaingia jibu la mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chilewa: "Umelalia upande gani? Kuna aliyeumia?"

Nikaandika haraka kwamba haukuanguka, umepumzika tu. Nikatuma, nikatuma tena. Haukwenda. Ungekwendaje, na mnara nimeulaza mwenyewe? Ila ule ujumbe wa kwanza ulikuwa unapita simu kwa simu, nyumba kwa nyumba, vilevile nilivyobuni.

Tulipofika kilimani tukakuta kijiji kizima, wanakwaya, trekta, na mnara umefungwa kamba kila upande, wanaume wamezishikilia jasho likiwatoka.

"Karibu, Daktari," akasema Mzee Chilewa akihema. "Haujalala bado. Tumeuwahi."

"Shikamoo, mzee. Kulala... maana yake uko usingizini."

Akautazama juu mpaka chini. "Umelala umesimama? Kama punda?"

Kamba zikaachiwa kwa kicheko. Mama Lukresia alicheka mpaka akashika mlango wa gari, kisha akaniuliza, "Habari imewafikia wote hawa mnara ukiwa umezimwa?"

"Wote, mama."

"Na betri?"

Nikafungua kisanduku cha betri. Imejaa.

"Basi mradi uendelee, na vijiji vingine vifuate. Ila matangazo ataandika mwenyekiti."

Nilitamani kurukaruka, aibu au si aibu. Mnara sasa unaitwa Punda wa Daktari, na lile neno nimeliacha kabisa: hata nyumbani nikiulizwa kama watoto wamelala, najibu kwamba wako kitandani, wamefumba macho, na hakuna aliyeumia.