Mwombaji wa Kurasa Mbovu

Kila mwaka sisi wachoraji wa vibonzo tunaotumia programu moja huria ya kuchorea hukutana jikoni kwa mwenzetu Wietske, mjini Deventer, Uholanzi. Fundi anayetengeneza sehemu ya maandishi ya programu hiyo hukaa kwenye kona, mgongo ukutani, tusione skrini yake. Hachori. Kucha amezitafuna mpaka nyama, kahawa yake hupoa haijaguswa, na kwa sauti ya chini humwomba kila mmoja: "Nipe ukurasa uliokushinda." Kurasa nzuri hazitaki.

"Huyu ana mteja mahali," nilimnong'oneza mchoraji mwenzangu Sjoerd.

"Acha wewe, Hanneke! Takataka zako atamuuzia nani?"

Juzi fundi alipokwenda msalani nikachungulia skrini yake. Nilikuta ukurasa wangu wa miaka tisa iliyopita: mimi na mama tukiagana stesheni, puto la maneno juu ya kichwa changu likiwa tupu. Wakati ule kila nikibadilisha neno moja, mistari yote ya maandishi ilivurugika, nikakiacha kitabu kizima cha vibonzo. Pembeni alikuwa ameorodhesha tarehe alizojaribu kuirekebisha hitilafu hiyo: bado, bado, bado. Ya mwisho: tayari.

Kugeuka, yuko nyuma yangu.

"Bofya puto," alisema. "Sasa futa na uandike utakavyo. Mwambie."

Nikabofya. Kishale cha kuandikia kikawa kinawaka na kuzima ndani ya puto, kikinisubiri. Nilichotaka kumwambia mama nilishakisahau.