Nyota ya Mia ya Fundi Cherehani

Wewe ungeandika uongo ambao hakuna ambaye angeugundua? Uani, jicho kwenye darubini, fundi cherehani aliizungusha skrubu taratibu, kama anayetunga uzi sindanoni. Alikwisha ona nyota pacha tisini na tisa, zile ambazo kwa macho matupu ni moja lakini kwenye darubini huwa mbili; akiipata ya mia usiku huo wa mwisho wa muda aliopewa, chama cha watazama nyota kingemtunuku cheti. Msumari wa kukitundikia alikwisha upigilia ukutani.

“Mama, kitabu kinasema ziko mbili,” mpangaji wake alimwambia. “Andika mbili, tukalale!”

“Kitabu kina macho yake, baba. Mimi naona moja.”

Akaandika: moja.

Asubuhi mpangaji alimkuta anafumua koti lililokwisha pigwa pasi, mteja akilalamika, “Fundi, mshono huo wa ndani uliopinda kidogo nani atauona?”

Fundi alichomoa pini moja kati ya zilizojaa mdomoni, akaanza kuunyoosha mshono upya.