Mwalimu Alisema Nitapanda

Aibu hii ni yangu, kwa hiyo cheka tu. Hata mama yangu alicheka, na yeye ndiye aliyebeba mbegu.

Enzi hizo za rupia, shule yetu huku Kano, upande wa Ahero, ilianzia chini kabisa: unakaa mchangani, unaandika herufi kwa kidole. Ukizijua, unaingia darasa la kwanza, unapewa benchi na kibao cha kuandikia. Mimi nilikuwa na ndevu tayari (chache, lakini zangu), na bado nilikaa mchangani na watoto wa dada yangu, ambao walizifuta herufi zangu kwa makalio yao.

Basi siku moja mwalimu wetu, bwana wa kutoka pwani, akaniita. "Kesho wageni wanakuja. Jitayarishe, utapanda."

Sasa, Kiswahili changu kilikuwa cha maduka ya Wahindi kule Kisumu: punguza, ongeza, sitaki. Kupanda nilikujua kwa mbegu tu. Ningeuliza ningepona, lakini nilikuwa nimejitangaza fundi wa Kiswahili kijiji kizima, kwa hiyo nikajibu, "Ndiyo, Bwana Mwalimu," nikaenda nyumbani kutafuta jembe.

"Kwani mwalimu hana mikono?" mama akauliza. "Haya, wuoda, mwanangu, tutakusaidia."

Asubuhi mapema tukafika, mimi, mama na shangazi zangu, na majembe, na kikapu cha mtama, tukakuta uwanja wa shule umefagiliwa safi (nikadhani wametutayarishia shamba), tukalima, tukapanda, mimi nikiongoza wimbo. Mwalimu alipotokea na wageni, Mzungu mmoja na wazee waliovaa makoti, hapakuwa na pa kuweka viti.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Ninapanda, Bwana Mwalimu."

Akafumba macho. Halafu akaniamuru nisawazishe uwanja wote, nami nikasawazisha huku nikiwasikia watoto ndani wakisomeshwa mbele ya wageni herufi ambazo nilizijua zote, mpaka wakatoka na vibao vyao, na mpwa wangu mdogo, kamasi mpaka mdomoni, akanipita akisema, "Pole, mjomba."

"Usihuzunike," mwalimu akaniambia. "Leo mmepanda wote. Wao darasa, wewe mtama."

Nikarudi mchangani mwaka mzima. Tangu hapo sikubali neno kabla sijauliza, hata nikiwa mbele ya wakwe, hata nikiwa nalijua.

"Nimesema lete maji!" mke wangu hufoka.

"Ya kunywa au ya kuoga?"

Amechoka nami. Acha achoke.